Punguza Kona, Usipunguze Saruji

Ukitoka Kibada kuelekea Kisarawe II, au ukipita Chanika, Bunju na Kibaha, utayaona maboma. Kuta zimesimama hadi kwenye lenta, majani yameota sebuleni, nondo zimeota kutu. Kila boma ni akiba ya mtu iliyolala juani. Wenye maboma hayo wengi hawakuwa watu wa ovyo. Walianza nyumba kubwa kuliko mfuko, na mfuko ulipobana wakabana pasipobanwa: wakapunguza saruji, wakanunua nondo nyembamba, wakaacha kumwagilia zege maji. Mwisho wakasimama.

Nimejenga mara mbili. Mara ya kwanza, Chanika, nilifanya karibu makosa yote nitakayokueleza hapa. Mara ya pili nilitumia fedha kidogo nikapata nyumba bora zaidi, na siri yake haikuwa fundi wa bei rahisi. Gharama ya nyumba huamuliwa kwenye karatasi, kabla jembe halijagusa ardhi. Ukishapandisha kuta, unachoweza kuokoa ni kidogo sana, na mara nyingi utakilipia tena.

Kiwanja kabla ya ramani

Hili nitalipita upesi kwa kuwa unalijua, ingawa watu hulijua na bado wakalipuuza. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa si hati. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, omba upekuzi, ujue kiwanja kimepimwa au la, kina deni au mgogoro, na kimepangiwa matumizi gani. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilivunjwa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Baadhi zilikuwa na vigae, umeme na maji.

Kisha kitembelee kiwanja wakati wa masika. Dalali atakupeleka Agosti, vumbi likitimka, kila mahali pakiwa pazuri. Rudi Aprili. Waulize majirani maji hupita wapi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya watu waliokuwa wakiishi mabondeni Dar es Salaam walihamishiwa Mabwepande, lakini kila mwaka kuna anayeuziwa kiwanja bondeni kwa bei ya kutupa. Angalia na udongo. Mchanga mwekundu wa Pwani hubeba nyumba bila shida kubwa. Ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata kwenye kiatu mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza kidole wakati wa kiangazi, jua kwamba unavimba na kunywea, na utainyanyua nyumba yako kama mkate kisha kuiachia. Hapo hela ya mhandisi ni lazima, hata kama nyumba ni ya vyumba viwili.

Hesabu ya kona

Sasa tukae kwenye ramani, maana ndiko fedha iliko.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8. Ina mita za mraba 80, kona nne, na ukuta wa nje wenye urefu wa mita 36. Ndani yake vinaenea vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, choo na bafu. Sasa chukua mstatili wa mita 12 kwa 9, umegee pembe tatu hadi zibaki mita za mraba 80 zilezile, kama zile ramani nzuri tunazotumiana kwenye simu. Kona zimekuwa kumi, na ukuta wa nje umefika mita 42. Ndani hujaongeza hata nafasi ya kuweka kabati.

Hizo mita sita za ziada, kwa ukuta wa kimo cha mita tatu, ni mita za mraba 18. Kwa matofali ya kawaida ya inchi 18 kwa 9, mita moja ya mraba hula karibu matofali 10 ukihesabu na yatakayovunjika, kwa hiyo umeongeza matofali 180. Halafu kuna mita sita za kuchimba msingi, mita sita za lenta na nondo zake, lipu ya mita za mraba 36 kwa kuwa ukuta una pande mbili, na rangi juu yake. Bado hujafika kwenye paa. Kila kona inayoingia ndani inazaa bonde kwenye paa, pale miteremko miwili inapokutana, na bonde ndipo mahali pa kwanza kuvuja. Kwa hiyo mchora ramani akikuletea nyumba yenye kona kumi, muulize kila kona inafanya kazi gani. Atakayeshindwa kukujibu, mwambie anyooshe ukuta.

Kitu cha pili kinachokula fedha kimyakimya ni korido. Korido ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 7 ni mita za mraba 8.4, karibu sawa na chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3. Umeijengea msingi, umeiezeka, umeiwekea vigae, na hakuna anayelala ndani yake. Sebule iliyokaa katikati, milango ya vyumba ikifunguka kwake au kwenye kijikorido kifupi, inatosha.

La tatu ni maji. Jiko, bafu na choo vikae mgongo kwa mgongo, vikitumia ukuta mmoja wa mabomba. Choo cha chumba kikuu kikiwa upande wa mashariki na cha wageni magharibi, utanunua mabomba mara mbili, utachimba mara mbili, utajenga chemba mara mbili. Bomba la maji machafu la inchi 4 linahitaji mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita; likisafiri mbali, linazama chini sana kabla ya kufika kwenye karo, na shimo lote la karo linabidi lishuke nalo.

Halafu tuambiane ukweli kuhusu jiko. Wengi wetu tunajenga jiko la ndani lenye makabati ya kung'aa, kisha maharage yanapikwa kwa mkaa nje, chini ya mwembe, mvua ikinyesha mpishi anakimbia na sufuria. Fanya jiko la ndani liwe dogo, la gesi na chai ya usiku. Hela iliyobaki jengea kibaraza cha nyuma chenye paa, karo la kuoshea vyombo na mahali pa jiko la mkaa. Ni mita chache za mraba zisizo na dari wala madirisha, na ndizo zitakazotumika kuliko zote.

Jua, kusi na kaskazi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua hupita juu ya kichwa, likiinama kidogo upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Linalotesa ni jua la asubuhi na la jioni, maana hilo huingia likiwa chini na hakuna paa linaloweza kulizuia. Nyumba ikilala kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, kuta fupi ndizo zitakazochomwa, na kuta ndefu zitakuwa kivulini sehemu kubwa ya mwaka.

Bahati nzuri, upepo wetu unakubaliana na mpangilio huo. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia karibu Aprili hadi Septemba. Kaskazi hushuka kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Novemba hadi Machi. Madirisha yanayotazamana, moja kusini na jingine kaskazini, yatapata upepo wa misimu yote miwili bila kulipia umeme. Wazee waliojenga nyumba za Kiswahili za Kariakoo walilijua hili kwa njia yao: ukumbi katikati, mlango mbele na mlango wa uani nyuma, upepo unapita moja kwa moja.

Nyumba yangu ya Chanika ilikuwa na dirisha la sebule la mita 2.4, la kioo cheusi, likitazama magharibi. Lilipendeza. Ikifika saa kumi jioni, familia nzima ilihamia nje hadi jua lizame. Feni ilizungusha joto lilelile.

Na ukinunua madirisha ya aluminiamu, kumbuka kwamba yale ya kusukuma kando hufunguka nusu tu. Dirisha la mita 1.5 linakupa upepo wa dirisha la sentimita 75. Ya kufunguka nje kama mlango, au ya luva, huachia karibu upana wote. Weka wavu wa mbu tangu mwanzo. Ukisubiri, utaishi madirisha yakiwa yamefungwa.

Paa la kuficha

Najua unalitaka. Kila mtu analitaka paa la kuficha, ile nyumba inayoonekana kama boksi, bati halionekani. Wauzaji watakuambia ni la bei nafuu kwa sababu mteremko ni mdogo na bati ni chache. Wanasahau kuhesabu ukuta wa kulificha unaozunguka nyumba nzima, lipu yake ndani na nje, mifereji ya ndani, na mabati ya kuziba maungio. Mifereji hiyo ikizibwa na majani ya mwembe siku ya mvua kubwa, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye dari yako ya jipsamu.

Tena nyumba ya namna hiyo haina ukingo wa paa. Mvua inapiga ukuta, jua linapiga ukuta. Paa la kawaida lililotokeza sentimita 75 nje ya ukuta litavika kivuli kiasi cha mita 1.3 ya ukuta wa kaskazini wakati wa jua la saa sita mchana la Juni, bure, miaka yote. Maoni yangu ni kwamba kwa mwenye fedha ya kupima, paa la migongo miwili au minne lenye ukingo mpana ndilo la kisasa. Sura ya kisasa itafute kwenye rangi tulivu, milango mirefu na mistari iliyonyooka.

Bati nalo lina lugha yake. Namba ya geji ikipungua, bati linanenepa: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni karatasi. Karibu na bahari, chumvi ya hewani hula bati jembamba haraka. Kenchi na papi zinunuliwe mbao zilizotiwa dawa, zilizokauka. Mbao mbichi hujipinda na paa likajipinda nazo.

Tofali, zege na maji

Hapa ndipo ninapokuomba usibane.

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali mazuri ya inchi 6 kiasi cha 30. Matofali ya barabarani mara nyingi yamefyatuliwa 45 au zaidi kwa mfuko, na ndiyo maana ni rahisi. Tupige hesabu. Nyumba yetu ya mita 10 kwa 8, ukijumlisha na kuta za ndani na kutoa milango na madirisha, inahitaji matofali karibu 1,550 juu ya msingi. Kwa 30 kwa mfuko ni mifuko 52. Kwa 45 ni mifuko 35. Tofauti yote ni mifuko 17. Kwa mifuko hiyo 17 unakubali ukuta unaomeguka ukipigilia msumari wa kutundikia kalenda?

Kabla hujalipa, okota tofali kwenye rundo wewe mwenyewe, si lile unalokabidhiwa. Liangushe kutoka kiunoni kwenye ardhi ngumu. Zuri halivunjiki vipande. Likwaruze kwa msumari: likitoa unga kama sukari, ondoka. Mimi nilinunua bila kujaribu, na lori lilipofika saiti matofali zaidi ya mia yalikuwa yamerudi kuwa mchanga. Bora zaidi, nunua saruji na mchanga, mfyatuaji aje kiwanjani, umwagilie mwenyewe asubuhi na jioni kwa siku 7.

Kuna na matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyatangaza kwa miaka mingi. Yanashikana yenyewe, yanapunguza saruji ya kujengea, na ndani unaweza kuyaacha bila lipu. Yanaokoa fedha kweli, kwa masharti mawili: udongo wa eneo lako uwe unafaa, na fundi awe ameshayajenga kabla, mahali unapoweza kwenda kupaona. Fundi anayejifunzia kwako atakumalizia akiba yote kwa kurekebisha.

Zege la nguzo na lenta lichanganywe kwa ndoo au boksi la kupimia, si kwa koleo. Kipimo cha kawaida ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Maji ndiyo ugomvi. Mafundi hupenda zege teketeke kwa kuwa ni jepesi kumwaga, lakini kila ndoo ya ziada inakula nguvu. Mfuko mmoja wa saruji unahitaji lita 25 hadi 30, yaani ndoo kubwa moja na nusu, na pungufu ya hapo mchanga ukiwa umelowa. Simama hapo siku ya zege. Usiende kazini siku hiyo. Baada ya kumwaga, lifunike na kulimwagilia siku 7 kwa uchache. Zege hupimwa nguvu yake ya kawaida likiwa na siku 28, na likikaushwa na jua siku ya pili haliifikii.

Mchanga wa baharini usiingie kwako hata ukiletewa bure. Chumvi yake huozesha nondo ndani ya zege, na ukutani hutoka unga mweupe unaobandua rangi kila mwaka. Kabla ya jamvi, kifusi kishindiliwe kwa tabaka, dawa ya mchwa imwagwe, nailoni itandikwe. Jamvi likae angalau kozi mbili juu ya ardhi. Kifusi, dawa na nailoni havionekani nyumba ikiisha, kwa hiyo ndivyo vinavyorukwa.

Siku ya kupiga benchi, yaani kutia alama za msingi kabla ya kuchimba, chukua tepu upime kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Kwa nyumba ya mita 10 kwa 8 kila mshazari uwe mita 12.81. Ikipishana, nyumba imepinda, na upindaji huo utakufuata hadi kwenye vigae. Ni dakika kumi tu na wasaidizi wawili.

Fundi na daftari

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mahali pa kuyahakiki maneno hayo ni saiti. Mkataba na fundi uandikwe, hata wa ukurasa mmoja, ukigawanya malipo kwa hatua: msingi, jamvi, lenta, kupaua, lipu. Lipa hatua iliyokwisha. Fundi akisema mtoto anaumwa, msaidie kama binadamu kutoka mfuko mwingine, lakini usilipie lenta ambayo haijamwagwa. Vifaa nunua mwenyewe. Saruji ikiingia, andika; jioni hesabu mifuko mitupu, na ibaki kwako, maana mfuko uliouzwa hauachi gamba. Fundi wako mwite fundi, mpe chai, msikilize akikuambia ramani haijengeki. Mara nyingi yuko sahihi.

Kama uko Muscat au Birmingham na unajenga kupitia ndugu, mtenge ndugu na fedha. Lipa duka la vifaa moja kwa moja, lipa msimamizi asiye wa ukoo, na omba video ya siku ya zege, yenye ndoo zikihesabika. Ndugu abaki kuwa ndugu.

Hamia mapema

Boma lililoezekwa ni chini ya nusu ya safari. Kwa uzoefu wangu, milango, madirisha, dari, vigae, umeme na mabomba hula sawa na kuta na paa, au zaidi. Kwa hiyo jenga kwa vipande vinavyokalika. Anza na vyumba viwili, jiko na bafu, umalize kabisa, uhamie uache kulipa kodi. Ukuta utakaopanuliwa baadaye upitishiwe lenta mahali pa mlango ujao, kisha pazibwe kwa tofali. Siku ya kupanua unavunja kipande kile tu. Acha paipu tupu ukutani kwa ajili ya nyaya za baadaye. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri itakuhifadhi miaka mitano ukisubiri vigae, lakini waya mbovu hausubiri.

Weka mfereji wa mvua na tanki kabla ya kupaka rangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linakuletea lita 2,000. Tanki la lita hizo likijaa lina uzito wa tani mbili, basi mnara wake nao upigiwe hesabu.

Kiwanja ukishakiona masika, msingi uanze Juni ardhi ikikauka. Kuta zipande Julai na Agosti, paa likae juu Septemba. Mvua za vuli huanza Oktoba.